Raba ya Pedali ya Pili

Mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Aliitwa Mwalimu Kioo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe, kwa sababu tangu aanze kufundisha udereva neno hilo lilimtoka mdomoni kuliko salamu. Mwanafunzi akitaka kuondoa gari, kioo. Akitaka kukata kona, kioo. Akishika kitasa ili ashuke tu aende zake, Mwalimu alimzuia kwa upole: "Kioo kwanza, ndugu yangu, huko nyuma kuna watu wana baiskeli." Watoto wakimwona anapita walipiga kelele, "Kioo!" naye aliwapungia mkono bila kinyongo, akiamini kwamba siku watakaposhika usukani neno hilo litawarudia kichwani.

Gari lake la mafunzo lilikuwa dogo, la njano, lenye kibao cha L mbele na nyuma. Juu ya paa palifungwa ubao wa maandishi mekundu: USALAMA KWANZA, MWALIMU YUPO NDANI. Kama yalivyo magari ya kazi hiyo, lilikuwa na breki mbili zilizounganishwa chini kwa chini. Pedali moja ilikuwa miguuni mwa mwanafunzi, ya pili upande wa abiria, miguuni mwa Mwalimu.

Na sifa zake zote zilitoka kwenye hiyo pedali ya pili. Mwalimu Kioo hakuwa mtu wa kufoka. Walimu wengine walikanyaga kwa kishindo mpaka mwanafunzi akajigonga kifua kwenye usukani, kisha wakamshushia matusi. Yeye alikanyaga taratibu, kwa ncha ya kiatu, huku akitazama nje dirishani kana kwamba anasoma mabango ya maduka. Gari lilipunguza mwendo, na mwanafunzi akadhani amelipunguza yeye. Hapo Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Umesimama vizuri sana." Watu walitoka kwenye gari lile vifua mbele. Ndiyo maana waliletana, dada akamleta mdogo wake, bosi akamleta karani wake.

Asubuhi hiyo alikuwa na mama mwenye duka la viatu, mchangamfu kupita kiasi, aliyeendesha huku akisimulia vituko vya wateja wake. Walipokaribia njia panda ya sokoni, mkokoteni wa magunia ulichomoza kutoka uchochoroni. Mguu wa Mwalimu ulifika kwanza, kama kawaida yake. Gari likasimama, mkokoteni ukapita mbele yao bila haraka, na mwenye mkokoteni hata hakugeuka.

"Nimeuwahi," alisema mama wa viatu akijipepea kwa kiganja. "Mwalimu, mimi sasa nimeiva. Nipeleke kwenye mtihani."

"Umeiva," alijibu Mwalimu, maana alipenda watu wafurahi.

Ila breki zilikuwa zimetoa mlio asioupenda, na pia kiatu chake kilikuwa kimeteleza kidogo kwenye pedali. Somo lilipokwisha alilipeleka gari gereji, kwa fundi wake wa siku zote, mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko spana. Fundi alifungua magurudumu, akapuliza vumbi, akakwangua hapa na pale, akarudishia, akajaribu. Mlio ukaisha. Kisha akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje, na kuanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini humo?" aliuliza Mwalimu. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, anakunywa chai.

"Hii pedali yako. Raba imeisha kabisa, umebaki unakanyaga chuma. Ndiyo maana kiatu kinateleza." Fundi aliinyofoa pedali nzima na kumwonyesha. Raba ilikuwa imelika mpaka katikati pametoboka.

"Basi weka mpya. Weka zote mbili, na ya mwanafunzi."

"Ya mwanafunzi nibadilishe ya nini? Njoo uone mwenyewe."

Mwalimu aliinama na fundi akammulikia kwa tochi. Raba ya pedali ya mwanafunzi ilikuwa na mistari yake yote, mizima, kama ilivyotoka dukani.

"Hizi nilizifunga siku moja, kwa mikono yangu," alisema fundi. "Sasa hebu niambie, ndani ya gari hili anayejifunza ni nani? Naona wewe ndiye unayefunga breki, wenzako wanakuja kupunga upepo. Halafu majuzi uliniletea hii hii pedali ukilalamika kwamba imelegea, mguu wako unakanyaga haukuti kitu. Nikaikagua weee, sikuona ubovu. Mimi nadhani ilichoka tu na wewe."

Mwalimu alicheka, kama mtu anavyocheka anapotaniwa na fundi wake. Kisha akaacha kucheka, akaweka kikombe chini.

Alikuwa amemkumbuka binti yake.

Binti yake huyo, mtoto wake wa pekee, alijifunzia kwenye gari lile lile, kwenye kiti kile kile. Leseni yake ilikuwa bado inanukia upya. Mtihani aliufanyia uwanjani, mahali tambarare, kwa mwendo wa kumsindikiza mgeni, na akafaulu bila kosa. Mumewe, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alimwachia kigari cheupe. Na asubuhi hiyo, binti alikuwa amempakia mama yake, mke wa Mwalimu, kumpeleka kwenye kliniki ya macho katika mji wa chini, na njia ya kwenda mji wa chini ni moja tu. Ni ule mteremko mrefu wenye kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwalimu alipitia nyumbani akienda gereji, akawaaga mlangoni wakijiandaa kutoka, akipiga mluzi. Hata wasiwasi hakuwa nao. Binti si amefundishwa na yeye?

Sasa, akiwa ameshika ile pedali iliyotoboka raba, alianza kuupitia mteremko ule kichwani, siku alizomfundishia huko. Kona ya kwanza alikanyaga yeye. Ya pili alikanyaga yeye. Kwenye lile daraja jembamba alikanyaga yeye, tena mapema, kwa kuwa wanafunzi wengine ni wanafunzi, lakini huyu alikuwa damu yake. Alitafuta kona hata moja ambayo mguu wake ulitulia akaikosa. Alikuwa amemsifia mtoto wake kwa breki ambazo mtoto hakuzikanyaga, akampa na baraka za kuteremka na mama yake kwenye gari lisilo na pedali ya pili.

Mwalimu Kioo aliogopa.

Alimpigia binti simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Alikuwa amemfundisha mwenyewe kwamba dereva hapokei simu, hata apigiwe na rais, na sasa alimkasirikia kwa kuwa mtiifu. Simu ya mkewe ilikuwa imezimwa, kama ilivyokuwa siku zote, kwa hoja kwamba ikiwashwa inamaliza chaji.

"Nitolee gari," alimwambia fundi.

"Pedali yako bado unayo mkononi, Mwalimu."

"Yangu haina kazi. Ya dereva ipo?"

"Ipo, na kama nilivyokwambia, ni mpya."

Tukubaliane mapema: alichokifanya Mwalimu Kioo kuanzia pale kingemfelisha mwanafunzi yeyote kabla hajafika kwenye geti. Alitoka gereji kwa kurudi nyuma bila kutazama, fundi akaruka pembeni na tochi yake. Mkanda ulibaki unaning'inia ubavuni. Simu aliiweka kwenye paja, na kila barabara iliponyooka kidogo alishusha macho na kubonyeza kwa kidole gumba. Alipiga honi kwa watu waliokuwa wanavuka mahali pao halali pa kuvukia. Alilipita gari la mkaa penye mstari usiokatika, mstari ambao alikuwa akiwaambia wanafunzi wake wauone kama ukuta. Na muda wote huo ubao wa paani uliwatangazia wote kwa maandishi yake mekundu kwamba usalama ni kwanza na mwalimu yumo ndani.

Juu kabisa, pale mteremko unapoanzia, waendesha pikipiki waliokuwa wakisubiri abiria walisimama kushangaa.

"Mwalimu, leo unafundisha nini?" mmoja alimwuliza kwa sauti.

Hakumsikia. Alikuwa ameinama juu ya usukani, akisema peke yake kwa kunong'ona, "Kanyaga, mama. Kanyaga, mwanangu. Kanyaga sasa." Alimwita binti yake mama tangu akiwa mchanga, na siku hiyo neno lilikuwa kama linamchoma. Kila kona aliyoikata alitazama kwanza bondeni, akitafuta kitu cheupe. Kila alipokikosa alishukuru, na kuongeza mwendo.

Katikati ya mteremko aliukuta msururu. Magari kadhaa yalikuwa yanateremka taratibu, moja nyuma ya lingine, na mbele yake aliona mgongo wa lori kubwa lenye turubai la buluu. Ndilo linalochelewesha watu, aliwaza. Kulikuwa na basi dogo na gari la mkate kati yake na lori. Alilipita basi. Alilipita gari la mkate, dereva wake akimwonyesha kiganja cha kuuliza kulikoni. Kisha akaganda nyuma ya lori, karibu mno, akipiga honi na kuchungulia. Lori lilijaza dunia nzima. Hakuona kilichokuwa mbele yake, na kona ilikuwa inakaribia, ile ya daraja jembamba. Mwanafunzi angethubutu kupita hapo, angemshusha kwenye gari arudi nyumbani kwa miguu.

Alitoka upande wa pili na kukanyaga mafuta.

Turubai la buluu lilipita pembeni mwake kipande kwa kipande. Alipofika usawa wa kichwa cha lori aliona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, lori halikuwa la mbele. Mbele yake palikuwa na gari dogo, na kati ya hayo mawili hapakuwa na nafasi hata ya kuingiza toroli. La pili, kutoka kwenye kona lilikuwa linapanda boza la maji, tangi lake limejaa, taa zinawaka, na dereva wake ameshaanza kupiga honi.

Kurudi nyuma hakukuwezekana, gari la mkate lilikuwa limeshasogea na kuziba. Kushoto kulikuwa na vyuma vya lori. Kulia kulikuwa na bonde. Katika muda huo mfupi Mwalimu Kioo alifanya jambo ambalo baadaye lilimwaibisha kuliko yote. Aliupeleka mguu wake kwenye pedali ya pili, upande wa abiria, ambako yeye hakuwepo, na ambako pedali yenyewe haikuwepo. Kiatu kilikwama kwenye mkono wa gia.

Lile gari dogo la mbele ndilo lililokanyaga breki. Halikukanyaga kwa papara. Lilijivuta kwanza pembeni, matairi ya kushoto yakaingia kwenye changarawe, kisha likashuka mwendo kwa uthabiti, kiasi kwamba na lori nyuma yake likapata nafasi ya kupumua na kufunga breki zake za upepo. Mbele ya gari hilo dogo pakafunguka pengo la gari moja. Mwalimu alichomeka gari la njano kwenye pengo hilo. Boza likapita, upepo wake ukalitikisa gari zima, na kioo cha pembeni kikang'oka na kubaki kimening'inia kwa waya.

Alikuwa hai. Alijishika kifua kuhakikisha.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu atoke gereji, alipotazama kioo cha katikati. Kigari cheupe kilikuwa nyuma yake. Ndani yake mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na pembeni, akiwa ameshika usukani kama alivyofundishwa, alikuwa binti yake.

Mita chache mbele palikuwa na eneo pana ambapo malori hupumzishwa. Mwalimu aliingia humo akazima gari, au lilizimika lenyewe, hakujua. Kigari cheupe kiliwasha taa ya ishara, kikaingia, kikasimama kwa adabu na kuvutwa breki ya mkono. Binti aligeuza shingo, akatazama kioo, akahakikisha hakuna anayekuja, ndipo akafungua mlango. Mwalimu alimwona akifanya hivyo na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Lori la turubai lilipita polepole. Dereva wake alitoa kichwa dirishani.

"Dada, mkono wako ni mzuri," alisema. Kisha akamtazama mwenye gari la njano, akausoma ubao wa paani mpaka mwisho, akatikisa kichwa na kwenda zake. Ingekuwa afadhali angetukana.

Mke wa Mwalimu alishuka akiwa ameshika pochi kwa nguvu kana kwamba boza lilitaka kumpora. Alimzunguka mumewe, akamkagua uso, mikono, magoti, akakuta kila kitu kipo. Ndipo akaanza.

"Mwalimu, leo kioo umekiuza?"

Alikuwa amekaa juu ya jiwe kwa sababu miguu ilimgomea. Binti yake alichuchumaa mbele yake, na yeye akamshika kichwa kwa viganja viwili, akamshika mabega, akamshika tena kichwa.

"Mama," alimwambia. "Mama yangu. Uko mzima."

"Mimi niko mzima, baba. Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kugongana na maji ya watu. Nani mgonjwa? Nani amekufa? Nimeona simu inaita inaita, nikasema nikifika pazuri nitasimama."

"Hakuna aliyekufa." Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Nilikuwa nakuja kukuokoa."

Mama na binti walitazamana. Kisha mke wa Mwalimu akakaa naye juu ya jiwe, akajibana kidogo, akasema, "Haya, tuelezee polepole. Macho yangu hayajambo, yatasubiri."

Akaeleza. Alieleza raba iliyotoboka na raba mpya, mkokoteni wa sokoni, sifa alizozigawa, na kona zote za mteremko ule alizomkanyagia mtoto wake. Alieleza bila kuinua macho, akichezea kifungo cha shati. "Nilikudanganya," alimalizia. "Nilikwambia unajua kusimama, kumbe nilikuwa nakusimamisha mimi. Ningekuwa nimewaua wote wawili."

Mwalimu alisubiri kusikia lawama, akamsikia binti anacheka chini chini.

"Nilijua, baba."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unakanyaga. Pedali yangu ilikuwa inazama yenyewe kabla sijaigusa. Siku za kwanza nilidhani gari lina jini. Halafu nikaanza kukutega. Ukitazama dirishani hivi, najua tu kiatu kinapanda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi mno ukinisifu. Ningekukatizaje?" Aliokota kokoto akawa anaizungusha kiganjani. "Nikaanza kushindana na wewe. Nikiona kitu mbele, mbuzi, shimo, kona, najitahidi mguu wangu ufike kabla ya wako. Mwanzoni uliniacha kila mara. Huchelewi, baba, wewe unaona vitu kabla havijatokea. Kwa hiyo na mimi ikabidi nijifunze kuona kabla. Mwishoni nikawa nakuwahi. Hukumbuki ulilalamika kwamba pedali yako imelegea?"

Mwalimu alikumbuka vizuri. Alikanyaga, na pedali ikawa imeshakwenda chini yenyewe, mguu wake ukafuata hewa. Alimsumbua fundi mchana mzima akitafuta ubovu.

"Zilikuwa ni breki zangu," alisema binti. "Nilikuwa nimeshakanyaga."

Mwalimu Kioo alivuta pumzi ndefu, na ilipotoka ilitoka na kitu kizito kilichokuwa kimemkalia kifuani tangu gereji. Akaanza kucheka, akacheka huku analia, mkewe akampa leso kutoka kwenye pochi na kumwambia apenge vizuri, maana yeye hatembei na mtu mwenye kamasi.

"Na leo?" aliuliza alipopata sauti. "Pale kwenye kona?"

"Nilikuona kwenye kioo tangu unachomoka nyuma ya lori. Mama akaniambia, 'Huyo si baba yako?' Nikamwambia, 'Mama, subiri kwanza nikanyage breki, ukoo tutaujadili baadaye.'"

"Alinijibu hivyo hivyo," alithibitisha mama mtu. "Mimi nimemzaa, ananiambia nisubiri. Na kweli nilisubiri."

Miguu ya Mwalimu ilikuwa bado haijamrudia, kwa hiyo walikubaliana kwamba gari la njano libaki pale mpaka fundi aje kulichukua. Binti alilifunga, akakifungua kile kioo kilichoning'inia na kukiweka kwenye buti la kigari cheupe. Mke wa Mwalimu alihamia kiti cha nyuma mwenyewe.

"Kaa mbele," alimwambia mumewe. "Huko nyuma utatusumbua na shingo yako. Na tukifika kliniki tutawaomba wakupime na wewe, maana lori zima hukuona kilicho mbele yake."

Alikaa. Alifunga mkanda, akauvuta kuhakikisha. Kabla binti hajawasha gari, Mwalimu alimgusa mkono.

"Ngoja kidogo. Nipige simu moja tukiwa tumesimama."

Alimpigia mama mwenye duka la viatu. Alimwambia bila kuzunguka kwamba pale penye mkokoteni aliyesimamisha gari alikuwa yeye Mwalimu, na kwamba mama huyo hajaiva, na kwamba asiende kwenye mtihani. Upande wa pili sauti ya mteja ilisikika ikiuliza bei ya kandambili.

"Ndiyo maana," hatimaye mama wa viatu alisema. "Gari lako linanisikiliza vizuri, la shemeji yangu kila siku linataka kuingia dukani. Nikadhani gari lake ndilo bovu. Sasa tunafanyaje, Mwalimu?"

"Kesho tunaanza upya. Mguu wangu nitaukunja, na safari hii nikikukanyagia nitakwambia hapo hapo. Utanuna."

"Nitanuna kidogo," alisema. "Njoo."

Akakata simu, akaiweka ndani ya kabati la gari na kulifunga. Alikuwa anawawaza wengine, wale wote waliotoka kwenye gari lake vifua mbele, wako barabarani wakati huo huo wakiamini raba isiyolika. "Nitawatafuta wote," alisema. "Mmoja mmoja. Somo la kusimama, bure."

"Utawatafuta mpaka meno yaishe," alisema mkewe kutoka nyuma. Lakini alinyoosha mkono akamgusa bega, na mkono ukabaki pale.

Binti aliwasha gari, akatazama kioo, akarudi barabarani. Kona ya daraja ilikuja. Mguu wa Mwalimu uliinuka wenyewe na kukanyaga zulia.

"Hapo hamna kitu, baba."

"Najua. Ni mazoea."

Kona iliyofuata mguu uliinuka tena, ila ulipofika chini gari lilikuwa limeshapunguza mwendo. Iliyofuata hivyo hivyo. Alijaribu kuwahi, kwa ubishi tu, akitumia ujanja wake wote wa miaka mingi, akiona mbuzi kwenye majani na mtoto wa shule nyuma ya kibanda, na kila alipokanyaga zulia alikuta binti ameshamaliza kazi. Alishindwa kwenye daraja la pili. Alishindwa penye machimbo ya kokoto. Hajawahi kushindwa kwa raha namna ile.

Mteremko ulilainika, bonde likabaki nyuma, jua likamfikia magotini kupitia dirishani. Miguu yake miwili ilikuwa imelala juu ya zulia, imepishana vifundo, na hakukumbuka ni lini ilipotulia.

"Baba?" alisikia akiitwa, kwa mbali.

"Amelala," ilisema sauti ya mkewe.

"Huyu? Ndani ya gari?"

"Mimi mwenyewe sijawahi kumwona hivi. Twende tu, usimwamshe."

Alitaka kuwakumbusha kioo. Akasikia shingo ya binti ikigeuka, upande huu, kisha upande ule, akaona hakuna haja, akauacha usingizi umchukue.